Kabla stata haijaguswa: niliyojifunza kwenye taimingi ya injini ya 3L

Gari langu ni Toyota Hilux, pikapu yenye injini ya 3L: dizeli, silinda nne, cc 2,779. Ndilo linalonilisha. Nanunua mahindi na alizeti Kibaigwa na kuuza Dodoma mjini, na msimu ukichanganya hakuna siku ya kupumzika. Injini hiyo ilifunguliwa yote ikaundwa upya, ikaharibika ndani kabla haijawaka hata mara moja. Naandika kwa ajili ya wewe ambaye gari lako sasa hivi liko gereji limelala bila hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Katika kazi nzima ya kuunda injini kuna saa moja ambayo mwenye gari anatakiwa awe amesimama pale pale, nayo ni saa ya kufunga mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na wa valvu. Saa nyingine zote unaweza kuwa sokoni.

Chanzo kilikuwa radieta. Vumbi la huku kwetu na makapi ya mahindi huingia kwenye mapezi ya radieta yakaganda, na kwa nje unaona kama uchafu wa kawaida tu. Kijana wangu alikuwa anatoka Kibaigwa na gunia kumi, ameshaipita Mbande, geji ikapanda hadi kwenye nyekundu. Alisimama, lakini gari lilikuwa limeshachemsha. Tulipolifikisha mjini, maji ya radieta yalikuwa yanatoka mapovu injini ikiwaka, na oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hedi ilipofunguliwa tukaona ufa katikati ya valvu za silinda ya pili.

Gereji ya kwanza ilishauri tusiishie kwenye hedi, kwa kuwa injini ilikuwa tayari inakula oili. Nilikubali, na bado naona ulikuwa ushauri mzuri. Hedi mpya niliagiza Kariakoo kwa 950,000. Ringi, beringi za kranki na za konrodi, seti ya gasketi, mkanda wa taimingi na tensiona (kikaza mkanda) vilikula 610,000. Kusawazisha uso wa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, 120,000. Ufundi 400,000. Jumla 2,080,000, pesa ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kununulia mahindi.

Kazi ilikwenda. Nilikuwa napita jioni, naona pistoni zimeingia, hedi imekaa, natoka nimefurahi. Siku ya kuwasha niliitwa nije na dizeli. Kijana akageuza ufunguo. Stata ilizunguka kidogo, ikagonga mara moja kwa sauti kavu, ikakwama.

"Ni betri hiyo, mama, imechoka," fundi akaniambia.

Wakaunganisha betri ya pili. Safari hii injini ilizunguka, tena kwa urahisi mno. Ukizoea dizeli unaijua pumzi yake ikipigwa stata: inabana, inaachia, inabana, inaachia. Hii haikubana popote. Ilizunguka tu, moshi mwepesi mweupe ukatoka, basi. Waliendelea kupiga stata mpaka betri zote mbili zikaisha.

Kilichofuata kiliniumiza kuliko hata gharama, maana kila siku kulikuwa na mshtakiwa mpya. Kwanza nozeli, zile zinazopuliza dizeli. Zikapelekwa kupimwa kwa 80,000 na zikarudi nzima. Halafu pampu ya dizeli. Halafu wakasema hedi yangu ni feki. Hakuna aliyefungua kava la mbele kuangalia mkanda. Mahindi Kibaigwa yalikuwa yanapanda bei, wateja wangu wa Majengo wananipigia simu, na mimi sina jibu. Nililia kwenye bajaji nikirudi Nkuhungu, na dereva wa watu akanyamaza njia nzima.

Rafiki yangu mwenye Hiace ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja fundi kule Kizota. Nikakodi gari la kuvuta kwa 40,000, nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Nani kafunga mkanda huu, na wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia sikuwepo. Hakuuliza ufunguo wa gari. Aliomba soketi yenye mkono mrefu, akafungua kava, akachomoa hita plagi zote nne (zile za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha), kisha akaizungusha kranki kwa mkono taratibu mpaka alama ya puli ikakaa kwenye kielekezo chake. Akaniita. "Hapa kranki iko topu, pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Sasa angalia gia ya juu." Alama ya gia ya kamshafti ilikuwa imebaki nyuma meno matatu.

Nieleze hapa kwa lugha ya kawaida, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nikisikia neno taimingi kama siri ya mafundi. Kranki ndiyo inayopandisha na kushusha pistoni. Kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu. Mkanda wenye meno ndio unaozifunga hizo mbili zitembee pamoja, na kwenye 3L mkanda huo huo unazungusha pia pampu ya dizeli. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na pampu pia mara moja. Ndiyo maana gia ya juu ina meno maradufu ya gia ya kranki. Sasa kuna wakati mmoja wa hatari katika mzunguko: pistoni inapofika juu kabisa ikimaliza kusukuma moshi nje, valvu ya ekzosti ndiyo kwanza inamalizia kufunga na ya kuingiza hewa inaanza kufunguka. Zote mbili ziko wazi kidogo, na pistoni iko hapo hapo chini yake. Kwenye dizeli inayobana hewa mara 22 nafasi ya kupishana hapo juu ni ndogo sana. Valvu ikichelewa kufunga, pistoni inaikuta njiani.

Meno matatu yanaonekana machache. Lakini chukua gia ya kranki yenye meno 20: kila jino ni digrii 18 za mzunguko wa kranki. Jino moja linaweza kukupa injini ngumu kuwaka, isiyo na nguvu, yenye moshi. Matatu yanakunja chuma.

Hedi iliposhuka mzee aliinama kwenye bloku na tochi ya simu. Juu ya kila pistoni kulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa uliopinda kama mwezi mwandamo. Yote minne ilikuwa upande mmoja, upande wa ekzosti. Valvu za kuingiza hewa hazikuwa zimeguswa. Akasema hiyo ndiyo barua yenyewe. Kamshafti ikichelewa, ekzosti ndizo zinazogongwa kwa sababu zinachelewa kuondoka. Ikiwahi, zinazogongwa ni za kuingiza hewa, kwa sababu zinatangulia kushuka. Kwa hiyo hata bila kumuuliza mtu, pistoni zilieleza kosa lilikuwa la upande gani. Valvu nne za ekzosti tulizizungusha juu ya kioo cha meza, na kila moja iliyumba.

Na sababu? Kwenye gia ya kamshafti kulikuwa na nukta ya rangi nyeupe, ya zamani, kwenye jino ambalo silo. Mtu fulani aliyewahi kufungua injini hiyo kabla sijainunua aliweka alama zake ili mkanda wa wakati ule urudi ulipokuwa. Gereji ya kwanza walifuata rangi badala ya alama iliyochongwa kiwandani. Bolti ya tensiona ilikuwa imekazwa vizuri, hivyo mkanda haukuruka. Ulifungwa hivyo hivyo.

Nilirudi gereji ya kwanza na picha. Sikwenda kugombana. Tulikaa na mjumbe wa mtaa, wakakubali kurudisha 200,000 ya ufundi. Spea zikabaki juu yangu kwa kuwa hatukuwa na maandishi yoyote. Ukipeleka injini kufunguliwa, andikisheni karatasi hata ya daftari: kazi ni nini, na kikiharibika kitu kwa ufungaji nani analipa. Fundi mzuri hakatai. Na piga picha gia zote za mbele kabla mkanda wa zamani haujatolewa, kranki ikiwa topu.

Sasa njia aliyotumia mzee, ambayo naitaka kila mwenye gari aijue hata kama hatashika spana.

Kabla hedi haijarudi, alihakikisha alama ya puli inasema kweli. Puli nyingi za kranki zina mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira ukizeeka ukingo unaweza kuteleza pamoja na alama yake. Aliweka saa ya kupimia, geji yenye mshale inayoonyesha mwendo mdogo wa chuma, juu ya pistoni ya kwanza, akatafuta pale inapofika juu kabisa, akalinganisha na alama. Zilikubaliana. Kipimo hiki ni rahisi hedi ikiwa nje tu. Kwenye 3L dizeli hupigwa ndani ya chemba ndogo iliyo kwenye hedi, kwa hiyo ukishafunga huwezi tena kuchomeka waya kwenye tundu la nozeli ukaigusa pistoni.

Halafu akafanya jambo ambalo lilinishangaza: akairudisha kranki nyuma robo mzunguko. Pistoni zote nne zikawa katikati ya silinda, hakuna iliyo juu. Ndipo akashusha hedi, akakaza bolti kwa spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Pistoni zikiwa katikati unaweza kuizungusha kamshafti upendavyo na hakuna valvu itakayogusa kitu. Akaiweka gia ya kamshafti kwenye alama yake, gia ya pampu kwenye yake, na mwisho kabisa akaileta kranki mbele ile robo mpaka topu. Hii ya robo ni ya injini za silinda nne. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ, silinda sita, asiinakili, maana pistoni zake hazipangiki hivyo.

Kuna hofu moja niliyoisikia gereji nyingi, kwamba huenda kranki iko topu "ya pili" na kila kitu kikawa kinyume. Nilimuuliza. Kranki haina topu mbili tofauti. Kila mzunguko inafika pale pale. Kinachoamua kama silinda ya kwanza inabana au inatoa moshi ni kamshafti, na kamshafti ikiwa kwenye alama yake jambo hilo limekwisha. La kuangalia ni pampu isiwe imepishana na kamshafti, kwa sababu hapo dizeli itapigwa silinda ikiwa inatoa moshi, na gari halitawaka kamwe. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Kuvalisha mkanda kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Springi za valvu zinaisukuma kamshafti, ukiiachia inaweza kurukia jino jingine huku wewe umeangalia chini. Msaidizi wake aliishika gia ya juu kwa spana wakati wote. Mzee alianza kranki, akaupeleka mkanda upande usio na tensiona ukiwa umenyooka, ulegevu wote akauacha upande wa tensiona. Mikono ilikuwa imepanguswa, na sili za mbele za kranki na kamshafti, zile zinazozuia oili isivuje, zilikuwa mpya, kwa sababu oili ikidondokea mkanda inaula. Mkanda haukunjwi wala hauvutwi kwa bisibisi. Akalegeza bolti ya tensiona, springi yake ikavuta yenyewe.

Kisha ile kazi ambayo ingeniokoa kule mwanzo. Hita plagi zikiwa nje, aliizungusha kranki kwa mkono, kufuata mshale wa saa ukiwa umesimama mbele ya injini, mizunguko miwili kamili. Polepole, mkono mmoja. Plagi zikiwa ndani hewa inabana kiasi kwamba huwezi kutofautisha mbano wa hewa na chuma kugusa chuma. Zikiwa nje kranki inatembea laini, na ikikataa ghafla unasimama hapo hapo. Hulazimishi. Unarudi nyuma na kutafuta sababu. Stata haina hisia hiyo, inasukuma tu.

Baada ya mizunguko miwili, alama tatu zilirudi mahali pake: kranki, kamshafti, pampu. Akakaza tensiona. Akazungusha tena miwili, zikarudi tena. Alinipa ile soketi niizungushe mwenyewe, na sitasahau nilivyoona gia ya juu ikija taratibu mpaka kamstari kake kakatulia kwenye alama.

Jambo dogo kwa wenye mikanda yenye mistari iliyochapwa, au cheni yenye vipande vya rangi kama ya injini ya 1NZ ya Toyota IST: ukishazungusha, mistari ya mkanda au rangi za cheni hazitarudi kwenye alama, zinahitaji mizunguko mingi mno. Usishtuke. Za kuangalia baada ya kuzungusha ni alama za kwenye gia.

Baada ya hapo akapima nafasi za valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi. Kwa 3L ni milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa kuingiza hewa na 0.40 hadi 0.50 upande wa ekzosti, na husahihishwa kwa kubadili vile visahani vya chuma vilivyo chini ya kamshafti. Pampu aliirudisha kwenye mstari aliouchora kwa patasi kwenye flenji kabla ya kuitoa, akamwita fundi wa pampu aje kuipima.

Hata siku ya kuwasha hakuwa na haraka. Alichomoa waya wa solenoidi ya pampu, swichi ya umeme inayofungua na kukata dizeli, ili dizeli isipite, akapiga stata mpaka taa ya oili ikazimika, oili ikawa imefika kwenye beringi mpya. Akarudisha waya, akatoa hewa kwa kupampu kwa mkono kwenye filta. Ufunguo ukageuzwa. Ikabana, ikaachia, ikabana, ikawaka. Moshi ulikuwa mwingi kidogo kwa oili iliyopakwa wakati wa kufunga, ukakata. Nilimshika mzee mkono nikashindwa kusema.

Awamu hii ya pili ilinigharimu hivi: valvu nne 140,000, mirija ya kuongozea valvu na kusaga siti zake 80,000, gasketi ya hedi 90,000, mkanda mwingine 75,000, oili na filta 95,000, ufundi 350,000. Ni 830,000. Ongeza nozeli na kuvuta gari, inafika 950,000. Mapato ya msimu niliyopoteza siyahesabu hapa. Radieta tuliitoa ikaoshwa kabla ya yote, na sasa inapigwa hewa kutokea ndani kila tukimaliza kubeba mazao.

Mkanda wenyewe una umri. Kwenye dashibodi ya pikapu hizi kuna taa imeandikwa T-BELT. Kwenye langu hutakiwa kuwaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo inahesabu kilomita tu, haiuoni mkanda, hivyo gari lililobadilishwa dashibodi au kurudishwa kilomita linakudanganya. Mimi nimeandika kwa peni ya wino mzito juu ya kava: tarehe, kilomita, na kwamba tensiona na sili zilibadilishwa pamoja. Ukinunua 3L ya mtumba na muuzaji hana kumbukumbu ya maana, mkanda, tensiona, sili za mbele na ufundi wake viingize kwenye mazungumzo ya bei kabla hujatoa pesa, na gari lisipelekwe safari ndefu mpaka kava la mbele limefunguliwa ukaona mwenyewe.